Kotizasio ya lenzi ya Trésor

Kikundi: FAMILIA YA KAMBO, KATUBA, LUBUMBASHI (batu 23)

SIKU YA PILI

06:41 Tantine Béa: Jambo yenu bote. Mulilala muzuri? Serge anatoka Johannesburg na basi siku ya ine. Lenzi ya kamera ya Trésor, yenye Serge ataleta, ilipwe mbele ya ile. Ni dola 180. Mimi nimesha toa 40. Nani anafuata?

06:58 Tantine Béa: Ninaona alama za buluu. Batu 9 bamesoma.

07:55 Tantine Béa: 14 sasa.

08:20 Mado: Jambo Tantine. Lenzi tena? Si tulimununulia kamera pa Noeli?

08:26 Trésor: Ya Mado, kamera iko, Nikon D3500, na inatumika. Ila lenzi yenye ilikuya nayo ni 18-55. Kwa ndoa inatosha, juu bibi-arusi niko naye karibu. Pa kiwanja ninasimama nyuma ya goli, na bachezaji ba upande ingine banatokea kama sisimizi. Ninatafuta yenye kuvuta mbali, yenye kufika 300.

08:31 Mado: Si ukate picha tu, ukuze sura?

08:34 Trésor: Nilijaribu. Kamera iko na pikseli milioni 24, lakini muchezaji wa mbali ukimukata anabakia na kipande kidogo sana. Sura inakuwa kama udongo.

08:36 Papi: Namna ile ba Katuba banacheza, afazali babakie sisimizi 😂

08:36 Solange: 😂😂😂

08:39 Papi: Ule golikipa wa siku ya mungu mumupige picha ya mbali sana, mama yake asimujue

08:40 Serge: Tantine, nimepata ya bei chini. Nikon pia, 70-300, dola 70 tu. Pa lenzi wameandika AF. Niikamate?

08:41 Tantine Béa: 70! Serge, kamata mbio. Mungu akubariki.

08:42 Solange: Papi, na ule golikipa ni mukwe wako 😂

08:42 Papi: Njo maana ninalia

08:45 Trésor: YA SERGE USILIPE

08:49 Trésor: Tantine samahani, si kukukatalia. AF peke yake haina mota ndani ya kutafuta sura. Inangojea kamera iizungushe, na D3500 haina ile mota. Lenzi itaingia muzuri, picha itatoka, lakini kutafuta sura itabakia kazi ya mukono, na mukono ukimaliza kuzungusha muchezaji amesha pita. Lazima iandikwe AF-S ao AF-P.

08:50 Tantine Béa: Serge soma hii.

09:30 Tantine Béa: Serge??

11:12 Tantine Béa: Serge, ulilipa ao hapana?

12:05 Tonton Dieudonné: Jambo familia. Ninaona tena kotizasio. Na ya jenereta iliishia wapi?

12:06 Tantine Béa: Dieudo, hapana leo.

12:09 Tonton Dieudonné: Nilitoa 60. Nilikuya likizo, jenereta hakuna. Hakuna mwenye alinieleza mupaka leo. Ninauliza tu.

12:31 Mado: Mega zangu za internet zinaisha, tutaonana jioni

16:47 Serge: Nilikuwa pa kazi, simu haiingii mule. Sikulipa. Ile ya 180 ingali pale: AF-P 70-300 VR. Na iko ingine, dugu yake kabisa, AF-P 70-300, dola 120. Mimi sioni tofauti.

17:20 Trésor: Aksanti Ya Serge, moyo umerudi. Kwa macho ni moja. Tofauti ni zile herufi VR, ndani iko kioo chenye kusonga kidogo kutuliza picha wakati mukono unatetemeka. Pa 300, kwa kamera yangu ni kama 450 ya zile kamera kubwa, basi hata pumzi inatikisa picha. VR haimusimamishi mwenye anakimbia, kwa ule natia mwendo wa picha moja juu ya 500 ya sekunde ao mbio zaidi, na jua ikuwe mingi. Lakini siku ya mawingu, muchezaji akisimama kupiga penalti, sura ya mama mwenye anaangalia mutoto wake, pale VR njo inaokoa.

17:22 Papi: Na usiku?

17:25 Trésor: Usiku hapana. Pa 300 inafunguka mupaka 6.3 tu, mwangaza kidogo sana unaingia. Yenye kufaa usiku ni 70-200 ya 2.8 (namba ikiwa ndogo, inafunguka zaidi), ile inapita kilo moja, na bei yake siwezi hata kuitamka mu hii kikundi. Yangu iko chini ya nusu kilo.

SIKU YA TATU

05:50 Kambo: 🎤 2:14

06:30 Tantine Béa: Ninaandika sauti ya Kambo kwa benye hawana mega, neno kwa neno.

«Batoto yangu. Niliskia yote mbili. Jenereta ni mimi nilisema iuzwe. Béa hakukula hata franga moja, na ni mimi nilimukataza kusema. Dieudo, ule mwezi unaujua tulikuwa wapi. Deni ni yangu, unilipishe mimi. Ya pili. Faustin alicheza mupira mu hii Katuba miaka kumi na mbili. Picha yake mu kiwanja tuko nayo moja tu, iko kwa ukuta wangu. Trésor akikuwa mudogo alikuwa ananiuliza, Kambo, baba ni nani hapa? Ninatia kidole: huyu. Anaangalia, anaangalia. Sura hakuna, ni jezi tu. Ninatoa 20 ya pesheni. Nimemaliza.»

08:44 Papi: Aksanti Kambo. Ninatuma 15, Tantine angalia simu.

08:46 Papi: Trésor, yaya yako anakuomba musamaha kwa masheko ya jana.

09:02 Solange: Mimi 10.

09:10 Trésor: Kambo, aksanti sana. Mimi niko na 35 ya ndoa mbili za mwezi huu.

12:40 Serge: Na mimi 15.

12:52 Tantine Béa: 40 + 20 + 15 + 10 + 35 + 15 = 135. Inabakia 45. Batu 15 hamujasema hata «jambo».

13:30 Serge: Mwenye duka anangojea mupaka kesho saa ine asubui, kisha mimi ninaenda pa basi. Ikikosa, nilete ile ya 120?

13:33 Tantine Béa: Ikikosa, ndiyo. Kuliko kukosa yote.

13:41 Trésor: Tantine, nitashukuru hata ile. Ila tungojee mupaka usiku, ninakuomba.

13:45 Trésor: Ya Serge, yoyote utakamata, tia mwangaza wa simu nyuma yake uangalie ndani. Vumbi kidogo si kitu. Ukiona nyuzi kama za buibui, ile ni kuvu, wacha. Na uifunge pa kamera yao, uone inatafuta sura yenyewe.

21:15 Tantine Béa: Ingali 135.

22:38 Tonton Dieudonné: Kambo, nimeskia. Nitakuya nyumbani siku ya mungu, tuzungumuze na kinywa.

22:40 Tonton Dieudonné: Serge, unipigie kesho mbele ya kwenda pa duka.

22:41 Serge: Sawa Tonton.

22:44 Tantine Béa: Dieudo, niandike ngapi?

23:20 Mado: Jambo yenu, niko na mega sasa. Mimi 10, nitatuma siku ya posho.

23:22 Tantine Béa: Mado, siku ya posho Serge amesha pita mupaka wa Kasumbalesa.