Kwa nini Johnny Smith aliihama New York jina lake likiwa juu?

Mpenda Nyuzi: Habari zenu, wanajukwaa. Nimekuwa nikimsikiliza Johnny Smith, mpiga gitaa wa jazi tulivu wa Marekani, hasa "Moonlight in Vermont" aliyoirekodi mwaka 1952 pamoja na mpiga saksafoni Stan Getz. Kinachonitatiza ni kwamba mtu mwenye sifa kubwa kiasi hicho alihamia Colorado Springs mwaka 1958 na kufungua duka la ala za muziki. Je, soko lilimtupa?

Santuri Kuukuu: Ndugu, hakutupwa na mtu. Mke wake alifariki mwaka 1957 na kumwachia binti mdogo, ambaye alipelekwa Colorado kwa bibi yake, yaani mama mzazi wa Smith. Kazi za vilabuni zilikuwa za usiku, na baba aliyebaki peke yake hangeweza kuzichanganya na malezi, kwa hiyo akamfuata mtoto. Hata hivyo hakuliweka gitaa chini: aliendelea kurekodi katika miaka ya 1960, kampuni ya Gibson ikatengeneza gitaa lenye jina lake kuanzia mwaka 1961, na mwaka 1977 alikuwa miongoni mwa waliompigia muziki mwimbaji Bing Crosby katika ziara yake ya Uingereza.

Kidole Gumba: Naomba kuongezea kwamba "Walk, Don't Run" ni utunzi wake wa mwaka 1954. Mpiga gitaa Chet Atkins aliurekodi kwa namna yake, kundi la The Ventures likaupata kupitia kwake, na mwaka 1960 ukafika nafasi ya pili katika chati za Marekani kama wimbo wa roki. Inachekesha kidogo kwamba kelele hizo zote zilitokana na mtu mpole namna ile.

Mpenda Nyuzi: Nashukuruni. Na ule ulaini wa sauti yake unatokana na nini?

Santuri Kuukuu: Kwa maoni yangu, unatokana na mkono wa kushoto. Badala ya kupiga noti za wimbo moja moja na kuzisindikiza kwa mbali, Smith aliubeba wimbo juu ya sauti kadhaa zilizobanana sana, jambo linalovilazimu vidole vitanuke kupita kiasi, kisha akahakikisha kundi moja la sauti halikatiki kabla ya lingine kuingia. Pia alikuwa na desturi ya kuulegeza uzi wa sita, ule mnene kuliko wote, kutoka noti ya E hadi D iliyo chini yake, ndiyo maana besi yake inasikika nzito. Ukijaribu, anza polepole mno, kwa sababu kiganja huuma.