Majani ya vichaka badala ya majani ya chai, mbona hayakolei rangi?

Kijani_tu: Jamani habari zenu. Kafeini inaninyima usingizi nikaamua nitafute mbadala, nina mforosadi na mpera na rozmari kidogo, nikachuma nikaanika juani mpaka yakakauka kau nikachemsha, kinachotoka ni maji ya kijani yananuka nyasi, hayana rangi wala ule ukali wa chai. Kuna namna au ndo basi tena?

MzeeWaMajani: Mti hauna shida, shida ni hilo jua. Hata chai yenyewe ni kichaka, ukiikausha ikiwa mbichi hivyo haiwi nyeusi ng'o. Rangi inakuja jani likipondeka, maji yake yakakutana na hewa. Chuma machanga, tandaza kivulini mpaka yalegee, ukikunja kikonyo kinapinda hakivunjiki, halafu fikicha kwa viganja kwa nguvu hasa mpaka mikono inate. Rundika kwenye bakuli, funika na kitambaa chenye unyevu, acha masaa kadhaa huku unanusa nusa. Ile harufu ya nyasi ikigeuka kama ya tunda lililoiva wahi hapo hapo, ukichelewa inachacha. Maliza kwenye kikaango moto mdogo sana huku unageuza mpaka jani livunjike kwa kidole. Na usishangae yakibaki kiduchu, jani bichi karibu robo tatu ni maji

dada_Rehani: Mzee kasema vyote ila rozmari usiitese hivyo, utamu wake ni yale mafuta ya harufu, ukiipitisha motoni mengi yanapotea. Kausha kivulini basi. Hata rooibos ya Afrika Kusini, kale kachaka ka milima ya Cederberg, wanakatakata wanaponda wanalowesha wanarundika ndo inakuwa nyekundu, na haina kafeini. Ila msidhani vichaka vyote havina, yerba mate ya Amerika Kusini inayo, hiyo Kijani utakesha

Mpita_njia: kwahiyo jani lolote twende? kwenye uzio hapa lantana imejaa na inanukia vizuri tu

MzeeWaMajani: Weee usithubutu! Lantana ng'ombe akila ini linaharibika, sembuse wewe. Oleanda ndo usiisogelee kabisa, inavuruga mapigo ya moyo na hata ikikauka sumu iko pale pale. Jani usilolijua kwa jina achana nalo, harufu nzuri sio cheti. Halafu Kijani kama unatumia dawa za kisukari ongea na daktari kwanza, mforosadi na mpera nayo yanaweza kushusha sukari

Kijani_tu: Sukari sina, asante mzee. Sasa hapo kwenye kurundika, mpera na mforosadi nichanganye toka mwanzo?

MzeeWaMajani: Hapana, kila moja kivyake. La mforosadi ni laini linawahi kulegea, la mpera gumu linakuchelewesha, ukiyaweka pamoja moja litachacha lingine bado bichi. Changanya yakishakauka, mforosadi mwingi mpera kidogo, mpera una tanini nyingi ukizidisha ulimi unakuwa mkavu hadi unasusa kikombe