Sinema ya Italia imefunika kombe: familia walizoziacha Asmara na Mogadishu mbona hatuzioni?

Wakuu, nimevumilia vya kutosha, leo naandika. Uzi ni mrefu na nitataja miisho ya filamu kadhaa, kwa hiyo ambaye hajaziona na hataki kuharibiwa utamu apite kando.

Naishi kaskazini mwa Italia, huu mwaka wa 11. Kwetu ni Mombasa, ila upande wa mama ni Wabarawa, watu wa Barawa, mji wa pwani ya Somalia. Bibi yangu alizaliwa Barawa, akavuka na wanawe Somalia ilipowaka moto mwaka 1991. Hadi anafariki alizungumza Chimiini, Kiswahili cha Barawa, nyumbani, na akihesabu pesa alihesabu kwa Kitaliano. Sinema ya nchi hii naipenda, lugha yenyewe nimejifunzia humo. Kwa hiyo asije mtu hapa kuniambia nina chuki.

Mwezi uliopita ukumbi mmoja mdogo karibu na ninakokaa uliweka msimu wa filamu za Kitaliano za miaka ya karibuni kuhusu historia, mapenzi na familia. Nikakata tiketi za jioni zote. Siku ya mwisho kukawa na mjadala. Nikanyoosha mkono, nikauliza: katika hizi familia zote tulizozililia, mbona hakuna hata moja ya Asmara, Addis Ababa au Mogadishu, miji mliyoitawala, na babu zenu walikuwa na wake na watoto huko? Aliyekuwa akiongoza mjadala akanijibu kwa sauti ya upole kabisa kwamba hayo ni masuala ya ukoloni, na mada ya msimu huu ni familia.

Nikamwambia ninazungumzia familia. Akampa kipaza sauti mtu mwingine.

Nilitoka pale natetemeka, na bado sijatulia.

Chukueni C'è ancora domani ya Paola Cortellesi, ya 2023. Roma, 1946, picha nyeusi na nyeupe. Delia anamwamkia mumewe asubuhi, jibu lake ni kofi. Hapa Italia zaidi ya watu milioni 5 waliingia kumbini kuiona, na walikuwa na haki. Karatasi anayoificha, ambayo sote tulidhani ni habari ya kutoroka na mwanamume mwingine, kumbe ni kadi ya kupigia kura tarehe 2 Juni. Nililia kama wenzangu. Lakini mume yule, Ivano, anatetewa kwamba ana hasira kwa sababu amepigana vita viwili. Hakuna anayeuliza alipigana wapi, wala huko aliwafanya nini watu wa huko. Sawa, filamu moja haiwezi kubeba kila kitu, na ile imebeba mengi. Ila nikiuliza filamu ipi basi ndiyo imebeba hilo, sipati jibu.

Vermiglio ya Maura Delpero, iliyopata Tuzo Kuu ya Majaji Venice mwaka 2024, ndiyo iliyoniuma zaidi kwa sababu ndiyo nzuri zaidi. Kijiji cha milimani Trentino, 1944, theluji na maziwa ya ng'ombe, watoto watatu kitanda kimoja wakinong'onezana usiku. Lucia, binti wa mwalimu, anampenda Pietro, askari mtoro kutoka Sicily. Wanaoana, anashika mimba. Vita vikiisha Pietro anakwenda kwao na harudi: ameuawa na mke aliyekuwa naye huko tangu mwanzo. Ukumbi mzima uliguna, eti mwanamume ana mke kusini na mwingine kaskazini, mtoto anazaliwa bila baba!

Jamani, Asmara ilijaa hadithi hiyo. Wanajeshi, makarani, madereva wa malori waliwaweka wanawake wa Eritrea kinyumba. Walimwita madama, na mpango wenyewe ukaitwa madamato. Alipika, alifua, alizaa. Wengi wa wanaume hao walikuwa na mke au mchumba nyumbani, na zamu ikiisha walipanda meli wakaondoka. Watoto wa namna hiyo walikuwa maelfu. Halafu serikali ikageuza jambo hilo kuwa kosa la jinai: amri ya tarehe 19 Aprili 1937 iliweka kifungo cha mwaka 1 hadi 5 kwa raia wa Italia atakayeishi na mwanamke wa makoloni kama mke. Kumlala kwa malipo halikuwa shida, kumpenda ndiko kulikopeleka mtu jela. Mei 1940 sheria nyingine ikamkataza baba Mwitaliano hata kumtambua mtoto aliyezaa na Mwafrika.

Niambieni mapenzi gani, familia gani na historia gani inayohitaji filamu kuliko hiyo.

Na oneni tarehe. Cinecittà, studio ambazo kila mtu hapa anazitaja kama mahali patakatifu, Mussolini alizifungua tarehe 28 Aprili 1937. Siku tisa baada ya amri ile. Miezi miwili kabla, Februari, baada ya jaribio la kumuua Rodolfo Graziani, mtawala wa Kitaliano huko Ethiopia, Addis Ababa ilichinjwa kwa siku tatu. Na Mei, mwezi mmoja baada ya ufunguzi, watawa na mahujaji wa monasteri ya Debre Libanos huko Ethiopia walipigwa risasi. Sinema ya Italia ilipata nyumba yake katikati ya hayo yote, na mpaka leo inazungumza kana kwamba mwaka ule haikusikia kitu.

Hadithi zetu si ngeni kwao, maana wao wenyewe wanazitengeneza kila mwaka zikiwa na sura za watu wao. Marco Bellocchio alitupa Vincere mwaka 2009, juu ya Ida Dalser, mwanamke aliyezaa na Mussolini kisha akafichwa na kufungiwa hospitali ya wagonjwa wa akili hadi kufa. Mwaka 2023 akatupa Rapito, juu ya Edgardo Mortara, mtoto wa Kiyahudi wa Bologna aliyechukuliwa na askari wa Papa mwaka 1858 akiwa na miaka 6, kwa sababu mtumishi alimbatiza kwa siri. Mama anapigania mwanawe, mwana anafundishwa kuwasahau wazazi wake. Asmara na Mogadishu watoto chotara waliwekwa kwenye vituo vya wamisionari kama mayatima, mama zao wakiwa hai, wanapumua, mtaa wa pili. Bellocchio anajua kabisa namna ya kulisimulia jambo hili. Hata Alice Rohrwacher katika La chimera anafukua makaburi ya Waetruski, watu waliokufa zamani za kale, na anawasikitikia kwa kuibiwa vyombo vyao. Wakati nguzo ya Aksum ilibebwa kutoka Ethiopia mwaka 1937, ikasimama Roma hadi 2003, ikarudishwa kwao 2005!

Wahenga walisema funika kombe mwanaharamu apite. Hapa kombe limefunikwa, na hao walioitwa wanaharamu ni watoto waliowazaa wenyewe.

Kuna mtu atasema Tempo di uccidere. Naijua. Ni ya 1989, Nicolas Cage akiwa luteni wa Kitaliano huko Ethiopia. Anakutana na msichana anaoga, anambaka, risasi yake inamjeruhi, anammaliza. Tangu hapo filamu yote ni mateso ya moyo wa luteni. Msichana anabaki pembeni. Na Simba wa Jangwani, ile ya 1981 juu ya Omar Mukhtar, aliyewaongoza Walibya kupigana na Waitaliano, Anthony Quinn akiigiza? Hiyo hawakuitengeneza wao. Mwaka 1982 walizuia isionyeshwe kwa hoja kwamba inavunja heshima ya jeshi, na televisheni ya hapa ilikuja kuionyesha 2009, Gaddafi alipozuru Roma. Filamu ndogo za kumbukumbu zipo, nakiri. If Only I Were That Warrior ya 2015 inaonyesha jinsi mji wa Affile, hapa hapa Italia, ulivyomjengea Graziani mnara mwaka 2012, kwa heshima, katika karne hii. Aliyeiona anajua ninasema nini. Lakini ni wangapi walioiona?

Sasa nieleze kwa nini siwezi kukaa kimya.

Dada mkubwa wa bibi yangu alikwenda Mogadishu miaka ya 1950, Somalia ikiwa chini ya udhamini wa Italia. Karani mmoja wa Kitaliano akamweka kinyumba. Wakapata mtoto wa kiume. Karani akarudi kwao bila kuaga, na mtoto alipofika miaka 4 akachukuliwa na masista ili apate malezi bora. Mama yake aliruhusiwa kumwona Jumapili. Halafu Jumapili moja akaambiwa mtoto amesafirishwa kwenda Italia, na hakuna aliyemwambia mji gani. Alirudi Barawa, hakuolewa tena. Bibi alituambia kwamba kila meli ikitia nanga alikwenda ufukweni, hata majahazi ya Lamu, ambayo kwa vyovyote hayangeweza kumleta mwanawe.

Imebaki picha moja. Mtoto ana kaptula nyeupe na soksi hadi magotini. Nyuma pameandikwa jina la ubatizo ambalo mama yake hakumpa. Nimekaa kumbini jioni zote zile nikiwatazama wazee wa Kitaliano wakifuta machozi kwa ajili ya Lucia na Delia, na kila mzee mwenye nywele za kusokotana kidogo nilimtazama mara mbili.

NYONGEZA, baada ya kusoma majibu yenu:

Anayesema "si Waafrika watengeneze zao": kwa hela zipi? Filamu za hapa zinapata ruzuku ya wizara ya utamaduni na fedha za televisheni ya taifa. Mpaka picha za vita vya Ethiopia ziko Roma, kwenye hifadhi ya Istituto Luce, taasisi ya filamu ya serikali. Sura za mababu zetu ziko kwenye makabati yao.

Anayeniuliza mbona sijataja Io capitano ya Matteo Garrone: ni filamu nzuri na ya haki, Seydou kutoka Dakar nimempenda. Lakini hapo Mwafrika anaanza safari leo, kama mgeni asiyewahi kuhusiana nao. Libya inaonekana kama jehanamu iliyoota yenyewe jangwani. Kambi za Waitaliano huko Cyrenaica, mashariki mwa Libya, walikofungwa watu wa Omar Mukhtar mwanzoni mwa miaka ya 1930, hazitajwi.

Na Mkenya mwenzangu aliyeandika kwamba haya hayatuhusu: ukishuka Mai Mahiu umekiona kile kikanisa kando ya barabara? Kilijengwa na mateka wa Kitaliano mwaka 1942. Walikamatwa kwenye Vita vya Pili vya Dunia, wakitokea huko huko ninakokusema.

Mtu mmoja kaniandikia faragha kwamba mama yake wa Merka ana picha kama yangu, kaptula ileile, ukuta uleule nyuma. Kama kuna wengine, wa Mogadishu, wa Asmara, popote, ziwekeni hapa chini pamoja na mwaka na jina lililoandikwa nyuma. Yangu naiweka kesho, nikishamwomba mama ruhusa.