BUSTANI KWA BIBI 🥬 (Kigamboni, wanachama 14)

*Alhamisi*

06:12 Mama Neema: Habari za asubuhi wana bustani. Jumamosi saa 12 asubuhi kirikuu ya samadi inaingia. Niliandika Jumapili. Nikaandika Jumanne. Naandika na leo. 5,000 kila mtu, tuko 14, jumla 70,000, samadi na usafiri humohumo. Waliotoa: mimi, Mwl. Shayo, Zuhura, Mama Faraja. Basi.

06:13 Mama Neema: Kaskazi inaelekea ukingoni. Masika ikitukuta na mchanga mtupu tutanunua mchicha gengeni kama wapangaji wa jana

09:40 Dulla: 🙏

09:41 Mama Neema: Dulla hiyo mikono ni hela?

09:58 Dulla: Ni dua mama, hela inafuata

10:20 Zuhura: Jamani mi naomba safari hii iwe imeoza kweli. Ile ya mwaka juzi ilikuwa bado inafuka moshi, bamia zangu mistari miwili yote ikaungua kama nimemwagia maji ya moto

10:34 Mwl. Shayo: Ikishushwa isiende tutani moja kwa moja. Zamisha mkono katikati ya lundo. Ukikuta joto, bado. Ifunikwe turubai, igeuzwegeuzwe, mpaka ipoe na inukie udongo badala ya kunuka mkojo. Mchanga wetu huu haushiki maji wala chakula, bila samadi mbivu tunamwagilia chini ya ardhi.

10:36 Mama Neema: Muuzaji kaniambia ni ya tangu Novemba

10:51 Baba Junior: Muuzaji gani atakwambia ni ya jana 😂

10:51 Mama Neema: Ahaa, Baba Junior upo. 5,000.

10:55 Baba Junior: Jioni

10:57 Mama Faraja: Jioni ya lini? Na pampu nayo jioni?

10:58 Baba Junior: _Ujumbe huu umefutwa_

10:58 Dulla: Niliwahi kuusoma 😭😭

11:00 Mama Neema: Mambo ya pampu tuyaache. Leo ni samadi.

11:02 Mama Faraja: Mimi sijasema kitu. Nimeuliza saa tu.

12:15 Mwl. Shayo: Jambo la muhimu kabla hatujasahau. Matuta mwaka huu yainuliwe, sentimita 30, si yale ya kukwangua na jembe. Masika iliyopita maji yalisimama siku mbili upande wa mnazi, mizizi ikaoza tukasema ni ugonjwa. Na mfereji uelekee barabarani, usimwage uani kwa Bibi.

12:19 Dulla: Mwalimu, upande wa mnazi si ndo Mheshimiwa alikuwa anaogelea

12:20 Zuhura: 😂😂😂 Yule bata alikula spinachi yangu yote na hakukimbia. Ananiangalia tu.

12:21 Dulla: Alikuwa anahudhuria vikao kuliko wanachama

12:21 Zuhura: Na wake zake watatu nyuma

12:30 Baba Junior: Mheshimiwa alishaliwa Krismasi, mwacheni apumzike

12:31 Zuhura: Kaliwa na spinachi yangu tumboni halafu hata mfupa sikuitwa

12:33 Dulla: Ile ilikuwa bata ya kujaziwa ndani 😂

12:47 Mwl. Shayo: Naomba turudi kwenye mfereji.

14:05 Mama Kuruthumu: Asalaam aleikum. Mie nauliza nyanya. Nimetunza mbegu za zile kubwa za mwaka jana, nisie lini?

14:30 Mwl. Shayo: Waaleikum salaam mama. Zile zilikuwa chotara, mbegu ya kutunza hairudii mama yake. Utapata moja kubwa, tatu kama gololi. Halafu nyanya kwenye masika ni kumlisha ukungu. Bora kitalu ukianze mvua zikikaribia kukatika, wiki nne kisha unahamisha.

14:33 Mama Kuruthumu: Basi nipande nini mie, maua?

14:36 Zuhura: Panda matembele mama yangu, nina marando mengi mpaka yanatambaa kwa jirani. Kata urefu wa mkono, fukia zaidi ya nusu, yanashika yenyewe. Bamia loweka usiku mmoja. Mchicha changanya mbegu na mchanga mkavu kabla hujasia, la sivyo zinaanguka zote pamoja unapata msitu pembeni na kipara katikati

14:37 Dulla: Kipara katikati tunaye tayari humu

14:40 Mwl. Shayo: Nimeona.

17:10 Mama Neema: Dereva anataka nusu leo, 35,000. Kwenye mchango kuna 20,000. Nimeongeza 15,000 zangu za ada ya Neema. ZA ADA. Watu wanachati kuhusu bata.

17:45 Dulla: Nimetuma mama

18:20 Mama Kuruthumu: Nami nimetuma, jina litakuja la kijana wangu

19:02 Mama Neema: Ahsanteni. Wanane bado. Sitaji majina. Baba Junior.

20:26 Bibi Mwanaidi: Hapa ni Rama. Bibi kasema niandike kama anavyosema yeye nisipunguze.

20:34 Bibi Mwanaidi: Hamjambo wanangu. Nasikia Jumamosi mnashusha samadi uani kwangu. Karibuni. Kiwanja hiki babu yenu hakuwadai kodi na mimi sijawadai. Mwaka jana mliukata mpapai wangu kupisha tuta, nikanyamaza. Pampu mlisema itakaa kwangu kisimani. Mimi nachota kwa ndoo na kamba, na magoti yangu mnayajua. Gari lisishushe kitu mpaka pampu iwe pale kisimani. Sigombani na mtu. Nitafunga geti langu nilale.

20:35 Bibi Mwanaidi: Kasema hiyo ya mpapai niiache ilivyo. Rama

22:41 Mwl. Shayo: Shikamoo Bibi. Tumesikia.

22:44 Zuhura: Shikamoo Bibi. Ya mpapai utusamehe.

22:50 Mama Neema: Shikamoo Bibi. Nitakuja kesho mwenyewe.

*Ijumaa*

05:52 Baba Junior: Shikamoo Bibi. Pampu ipo kwa fundi, nitaifuatilia.

05:53 Mama Faraja: Fundi? Jana saa 10 jioni ilikuwa inaosha bajaji pale kwenye kona. Nilipita nikalowa sketi.

05:55 Baba Junior: Ile ni nyingine

05:55 Mama Faraja: Ya bluu, ina utepe mweusi kwenye bomba niliufunga mimi kwa mkono wangu

06:01 Baba Junior: Mama Faraja, nani alibadilisha koili ilipoungua? Mlichanga? Nilitoa 40,000 mfukoni, hakuna aliyeniuliza hata imepona.

06:02 Dulla: Hilo nalo jipya

06:03 Zuhura: Dulla tulia

06:10 Mama Neema: Baba Junior ungesema wakati ule tungechanga. Sasa tufanyeje, gari linakuja kesho na nusu nimeshalipa, dereva harudishi.

06:31 Mwl. Shayo: Ishushwe nje ukutani kwa muda?

06:33 Mama Kuruthumu: Nje ni kwangu huko mwalimu. Na inzi hao niwakaribishe chai?

06:34 Mwl. Shayo: Na mvua ikianguka usiku yote inakwenda mtaroni. Nafuta wazo langu.

09:15 Mama Neema: Nimetoka kwa Bibi. Kanipa chai, kaniuliza hali ya Neema shuleni, kanionyesha kisiki cha mpapai. Ya geti hajabadilisha.

09:16 Mama Neema: Baba Junior nimekupigia mara tatu

13:20 Mzee Kondo: 5,000 nimetuma. Na 10,000 ya kumpunguzia Baba Junior ile koili. Wengine muongeze.

13:22 Zuhura: Ahsante mzee 🙏 naweka 3,000

13:30 Mama Faraja: Mimi nitaweka nikiiona kisimani.

16:48 Baba Junior: Nimeona. Ahsante Mzee Kondo. Kuna bajaji mbili nimeshapokea hela zao, nikimaliza naileta

16:49 Mama Neema: Leo au kesho?

16:49 Mama Neema: Baba Junior

17:30 Mama Neema: Baba Junior leo au kesho? Gari saa 12 asubuhi.

19:05 Mwl. Shayo: Nani ana toroli? Kutoka getini mpaka kule nyuma kwa ndoo tutamaliza Jumatatu.

19:40 Dulla: La kwetu lipo. Tairi ndo halina upepo

19:41 Mama Neema: Jaza upepo.

19:43 Dulla: Pampu ya upepo anayo Baba Junior