Mbwa wa cheti na pumzi zake: maonyesho yaendelee?

Mama Simba, Dar
Wadau, shikamooni wakubwa. Nina jambo limenikaa kooni tangu Februari. Simba wangu, buldogi wa miaka mitatu, alinifia mikononi ndani ya bajaji. Nilimnunua na cheti cha ukoo, na muuzaji alinionyesha picha ya baba yake amevalishwa utepe wa ushindi kwenye maonyesho ya mbwa. Nikajua nimepata mbwa wa uhakika.

Usiku hakuwa analala kama mbwa wengine. Alikuwa anaegemeza kidevu kwenye kizingiti cha mlango, shingo imenyooka, ndipo usingizi unamchukua. Tulikuwa tunacheka, tunasema anakoroma kama babu. Alipokufa ndipo daktari wa mifugo akanionyesha pua zake: nyufa mbili tu, njiti ya kiberiti haipiti. Alikuwa analala vile ili asikabwe.

Sasa nauliza. Jaji aliyempa baba yake utepe alikuwa anaangalia nini? Maonyesho ya namna hii yana haki ya kuendelea?

Mfugaji wa Ngong
Pole sana dada. Lakini usitutie sote gunia moja. Miaka 19 napeleka mbwa maonyesho ya Jamhuri Park, na sijawahi kuuza mbwa mgonjwa huku nikijua. Wewe hujasema alikufa saa ngapi wala alikuwa anafanya nini. Buldogi hatembezwi kwenye jua la Dar, hilo hata mtoto analijua. Anayetaka mbwa wa kukimbia naye mchana akajiokotee wa kishenzi pale jalalani.

Mama Simba, Dar
Saa moja na nusu asubuhi. Kutoka getini hadi dukani kwa Mangi, nyumba nne. Umeridhika?

Daktari wa Ng'ombe, Moro
Mfugaji, mbwa anayeshindwa nyumba nne asubuhi usimsingizie jua. Mifupa ya uso imefupishwa kizazi baada ya kizazi kwa kuchagua wenye pua bapa, ila nyama ya ndani haikufupika nayo. Kaakaa laini linaning'inia mpaka kooni na kuziba njia. Na mbwa hatoi jasho kama sisi, anapoza mwili kwa kuhema. Hewa isipopita anaiva kwa ndani. Ndiyo maana mashirika mengi ya ndege yanakataa kuwapakia wenye uso huo.

Na hili la kusema maonyesho hayahusiki, hapana. Crufts, maonyesho makubwa ya mbwa ya Uingereza, yameanza 1891. Mwaka 2012 waliweka madaktari kukagua washindi wa aina 15 zenye matatizo. Sita walizuiwa kuendelea, buldogi na Pekingese wakiwemo. Jaji amesema huyu ndiye bora kuliko wote wa aina yake, daktari anasema huyu asiende mbele. Mbwa ni yule yule.

Halafu uzazi. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa 2010 ulikuta zaidi ya asilimia 80 ya uzazi wa buldogi ni kwa kisu. Mimi mwenyewe nimewapasua, nawajua.

Binti Oslo
Huku Norway walishamaliza ubishi, mahakama imepiga marufuku kuzalisha buldogi. Na sisi tuige.

Msomaji Kimya
Dada wa Oslo, hiyo ni nusu ya habari. Hukumu ya mwanzo ya 2022 iliwagusa buldogi na aina nyingine ya mbwa, Cavalier King Charles. Ikakatiwa rufaa, na Mahakama ya Juu mwaka 2023 ikabakiza marufuku kwa Cavalier tu. Buldogi alinusurika.

Binti Oslo
Asante, mimi nilishika ile ya kwanza. Lakini huyo Cavalier nimemwona kwa macho yangu. Jirani alikuwa naye. Fuvu dogo, ubongo hauna nafasi. Alikuwa anatembea, ghafla anasimama na kujikuna hewani, mguu haugusi hata ngozi, huku analia. Mara ya kwanza nilidhani anacheza.

Mtoto wa Kisangani
Ndugu zangu, mmepita tu juu ya neno la Mfugaji? "Wa kishenzi." Mimi siwezi kulipita.

Kuna mbwa anaitwa Basenji. Jina hilo na washenzi lenu ni mzizi mmoja: mbwa wa watu wa porini. Ni mbwa wetu wa Kongo. Habweki, anatoa sauti kama ya mtu anayeimba. Kwa kuwa habweki, wawindaji humfunga njuga shingoni ili wamsikie kwenye majani. Babu yangu alikuwa na mmoja, ile njuga ya mti ilining'inia mlangoni miaka mingi baada ya mbwa kufa.

Wazungu waliwapeleka Crufts mwaka 1895, wakafa kwa maradhi. Wakajaribu tena hadi wakafaulu miaka ya 1930. Wachache waliosalia wakazalishwa wao kwa wao, mpaka ugonjwa wa figo ukaenea humo, sukari inatoka na mkojo mbwa akikonda. Wamarekani wakafanya nini? Mwaka 1987 na 1988 wakarudi Kongo, wakati ule Zaire, kutafuta damu mpya, na 1990 daftari lao la ukoo likafunguliwa kuwaandika mbwa wa vijijini wasio na cheti. Huyo wa kishenzi ndiye aliyeitwa kuokoa jamaa zake wenye cheti.

Mfugaji wa Ngong
Nimesema mbwa, sikusema mtu. Msinitungie dhambi.

Mzee wa Pangani
Mwanangu Mfugaji, mimi ni mtu wa pwani na nitasema ukweli. Neno hilo sisi ndio tuliowaita watu wa bara, kabla hata ya Mjerumani kukanyaga hapa. Halikuwa la mbwa. Lina watu ndani yake. Ukilitamka mbele ya Mkongo, ukubali limemchoma.

Mfugaji wa Ngong
Mzee, shikamoo. Neno nalifuta. Kwenye hoja sirudi nyuma.

Mpiga Debe
Mbwa wa mamilioni, na mtoto wa jirani karudishwa nyumbani kwa ada! Hapo ndipo penye dhambi.

Mama Simba, Dar
Pesa yangu, nimeuza vitenge miaka miwili. Ada za watu nimeshalipa nyingi, wewe huzijui. Usinihesabie.

Mpiga Debe
Sikukulenga wewe dada, nasema kwa ujumla.

Msomaji Kimya
Kwa ujumla huku aliyefiwa ni mmoja tu kwenye mjadala huu.

Mfugaji wa Ngong
Nirudi kwenye hoja. Mwaka 2022 buldogi wa Kifaransa alimng'oa Labrador kwenye namba moja Marekani, baada ya Labrador kukaa pale miaka 31. Mnadhani walionunua waliwahi kukanyaga maonyesho? Wameona picha kwenye simu. Mkifunga maonyesho mtabaki na wauzaji wa vichochoroni, wasio na daftari wala jina la kuulizwa. Mimi angalau unajua geti langu.

Daktari wa Ng'ombe, Moro
Hapo una hoja, nakubali. Ila yule wa picha kwenye simu, sura hiyo aliipenda kutoka wapi? Mlimfundisha nyinyi.

Mtoto wa Kisangani
Neno kalifuta, nimeona. Asante Mzee.

Mama Simba, Dar
Mmebishana neno, mmebishana ada, na mimi niliuliza pua. Mfugaji, una dume la buldogi sasa hivi?

Mfugaji wa Ngong
Ninaye. Ana tepe mbili. Mwezi ujao nina jike wa kumpandishia.

Mama Simba, Dar
Analalaje?

Mfugaji wa Ngong
Analala juu ya tairi kuukuu, kichwa kwenye ukingo.

Daktari wa Ng'ombe, Moro
Kaka, mtembeze dakika tatu kwa mwendo wa haraka, asubuhi kukiwa na baridi. Kisha weka sikio kooni. Ukisikia kama msumeno, nipigie kabla ya kumleta huyo jike.

Mfugaji wa Ngong
Kesho asubuhi.