Ile vurugu ya gerezani kwenye Daredevil sisoni ya 3, kweli kamera haikukatwa hata mara moja?

Mtoto_wa_Kariakoo

Habari za jioni wakuu. Nimeamua kurudia Daredevil ile ya Netflix, sirizi ya Matt Murdock, wakili kipofu anayepigana na wahalifu, siyo hii mpya ya Disney, na sasa hivi nipo sisoni ya 3 epi ya 4, pale Matt anapoingia gerezani kwa kitambulisho cha Foggy, rafiki yake na wakili mwenzake, wanamchoma sindano ya madawa halafu gereza zima linachafuka. Toka kule chumba cha matibabu mpaka anatoka nje anapanda teksi ni kama dakika 11 hivi na sijaona kamera ikikatwa popote. Nimerudisha nyuma, nimeweka spidi ndogo, nimeangalia kila kona, sijaona kitu.

Sasa naomba kueleweshwa. Hiyo ni teki moja ya kweli, yaani kamera imewashwa mwanzo mpaka mwisho bila kusimama, au edita ameunga vipande? Na kama ni ya kweli, Charlie Cox anayemuigiza Matt kapigana mwenyewe dakika zote hizo? Hapa kijiweni tumegawanyika, kuna jamaa anashikilia kwamba siku hizi kila kitu kompyuta, mimi nakataa kabisa, yule mtu anavyohema na anavyoyumba pale mwishoni kompyuta haiwezi. Mwenye kujua mambo ya nyuma ya kamera ashushe nondo kwa kirefu, sina haraka.

shemeji_wa_Tanga

Ni teki moja ya kweli mkuu. Erik Oleson, ndiye alikuwa bosi wa sirizi kwenye sisoni ile ya 2018, alisema hadharani kwamba hakuna mkato uliofichwa. Dairekta wa epi ile ni Alex Garcia Lopez. Kuhusu Cox, kapigana sana lakini siyo zote, wapo wawili mle ndani, mwenzake ni Chris Brewster ambaye ni stantimani wake, yaani anayempigania sini za hatari, toka sisoni ya 1. Wanabadilishana bila wewe kuona. Waje wataalamu waeleze zaidi, mimi nipo kazini.

fundi_taa

Mtoto wa Kariakoo umeuliza kitu ninachokipenda kuliko vyote kwenye hizi kazi. Mimi ni mtu wa taa, nafanya tamthilia hapa Dar, kwa hiyo nitakueleza kwa jicho la mtu wa seti, maana teki ndefu ikisifiwa wanasifiwa kameramani na steringi basi, wengine wote hawaonekani.

Kwanza ratiba. Sirizi za Marekani zinashutiwa kama gari la abiria, hakuna kumsubiri mtu. Dairekta wa epi hii anashuti, dairekta wa epi inayofuata yupo pembeni anatafuta lokesheni na kuongea na watu wa mavazi, huyu akimaliza yule anaingia, na watu wa seti ni wale wale hawabadiliki, wanaenda hivyo miezi na miezi mpaka epi zote 13 ziishe. Kila siku lazima itoe sini zake, ukilala siku moja deni linakufuata mpaka mwisho wa sisoni. Sasa wale jamaa wakafanya hivi, wakachukua siku nzima, seti yote ikaja, waigizaji, stanti, kamera, taa, sauti, na hawakushuti chochote, wakafanya mazoezi ya hiyo sini moja tu mpaka jioni, kesho yake ndiyo wakashuti. Mtu ambaye hajawahi kukaa na prodyuza anaweza asielewe uzito wa hilo. Siku ya seti nzima inalipwa hata kama kamera haijawashwa, chakula, magari, mishahara, yote. Kumshawishi mwenye hela akubali siku ya namna hiyo ni kazi kubwa kuliko ngumi zote unazoziona, na kwangu mimi sini ile ilipatikana pale, siku ya mazoezi.

Halafu angalia hili ambalo wengi linawapita. Matt mle gerezani hana kinyago! Kaingia kama wakili, suti na tai, uso wazi. Ukishakuwa na kinyago nusu ya uso imefunikwa, ukimweka stantimani mwenye umbo lile lile nani atajua. Hapa uso upo nje dakika 11. Kwa hiyo kamera yenyewe lazima icheze, kuna muda inakaa nyuma ya mgongo wake, kuna muda inamfuata mfungwa mwingine anayeanguka, kuna muda mtu anapita mbele yake, na kwenye hizo sekunde mbili tatu Cox anatoka Brewster anaingia, au kinyume chake. Anayeingia lazima suti iwe imechafuka pale pale, damu ipo upande ule ule, nywele zimevurugika vile vile, na apumue kama yule aliyetoka. Mtu wa mavazi na mtu wa mekapu akikosea kidogo tu, teki imekufa na mnaanza upya toka mwanzo, na mkianza upya ina maana kila aliyerushwa ukutani anarushwa tena.

Upande wangu wa taa ndiyo usiseme. Kawaida tunasimamisha taa zetu pembeni, kamera ikigeuka tunazihamisha. Kwenye teki kama hii kamera inaona mbele, nyuma, kushoto, kulia, hakuna pa kusimamisha stendi wala pa kulaza waya. Kwa hiyo taa zinakuwa ni zile za gereza lenyewe, za kwenye dari, zile nyekundu za dharura, na lazima ziwe zimepangwa kabla ili mtu mmoja aliyejificha mahali anaziwasha na kuzizima kwa kufuata hatua za muigizaji. Watu wa sauti nao vivyo hivyo, fimbo ya maiki haiingii kwenye korido nyembamba yenye watu wanarushiana viti, inabidi maiki zifichwe ndani ya nguo, na mtu akipigwa kifuani maiki inapiga kelele, ndiyo maana vishindo vingi vya ngumi kwenye kazi hizi vinatengenezwa baadaye studio.

Kameramani anatembea kinyumenyume na mzigo, mara nyingi kuna mwenzake nyuma kamshika mkanda anamwongoza asigonge mlango. Na kuna mtu mwingine kabisa, mbali, kashika kidude cha kurekebisha fokasi, anakadiria kwa macho umbali wa kamera na uso wa muigizaji kwa dakika zote 11 bila kupepesa. Huyo jina lake hata mashabiki wakubwa hawalijui.

Sasa rudi pale katikati, Matt anapokaa kuongea na yule kiongozi wa genge la Waalbania. Mashabiki wanaona ni stori, na kweli ni stori, Matt anahitaji jina la mtu aliyemsaidia Fisk, adui yake mkuu. Lakini kwa mtu wa seti ile ni pumzi. Mwandishi kaweka maongezi katikati ya vita, steringi anapata dakika za kukusanya nguvu, watu waliokuwa korido ya nyuma wanazunguka kujipanga korido ya mbele, watu wa moshi na moto wanajiweka sawa. Mwandishi, dairekta na mtu wa stanti walikaa meza moja toka mapema, vinginevyo haya maongezi yasingekuwa pale.

Njeri_SouthB

Aki fundi wa taa umenifurahisha sana. Wacha niongeze kitu juu ya hizi sisoni zote kwa sababu ukitazama hiyo ya gerezani pekee yake huwezi kuona walikotoka.

Sisoni ya 1 ilitoka Aprili 2015, epi zote 13 siku moja. Epi ya 2, dairekta Phil Abraham, kuna ile korido, mtoto ametekwa nyara na Matt anaenda kumchukua. Ni kama dakika 3 hivi, na mapigano yalipangwa na Philip J. Silvera. Hapo walikuwa na kinyago cheusi kwa hivyo kubadilishana ilikuwa rahisi, tena walitumia vyumba vya kando. Matt anaingia chumbani, kamera inabaki kwa korido, wewe unasikia tu kelele, halafu maikrowevu inatoka mlangoni kama imetumwa na inamgonga mtu kichwani. Ile sekunde huoni ndani ndiyo sekunde watu wanabadilishana! Na kile nilipenda zaidi ni vile anachoka. Anaegemea ukuta. Anapiga mtu, mtu anaanguka, anainuka tena, wote wawili wamechoka. Kabla ya hapo shujaa wa TV alikuwa anapiga ngumi moja mtu ashalala.

Sisoni ya 2 mwaka wa 2016 waandishi wakuu walikuwa wengine, Doug Petrie na Marco Ramirez, na wakaweka ile ya ngazi, epi ya 3. Punisher, yule anayewinda na kuua wahalifu, amemfunga Matt mnyororo na amemfungia bastola kwa mkono na tepu, na risasi yake ishatumika. Anashuka ngazi ghorofa baada ya ghorofa akipigana na genge la mapikipiki, mkono mmoja mnyororo, mwingine hiyo bastola tupu. Ni tamu sana kutazama lakini hiyo ndiyo iliungwa, kuna mikato imefichwa, kamera ikipita mahali peusi. Na mimi naona hata kama ni ndefu na ina vitu vingi kuliko korido, korido inaniumiza zaidi. Kwa sisoni ya 3 walirudi kwa njia ya kwanza, na wakaifanya mara tatu kwa urefu.

bishoo_mkweli

Mimi bado sijaelewa kinachosifiwa hapa. Kama wanabadilishana watu wawili basi siyo teki moja ya ukweli, wametudanganya tu kwa njia nyingine. Afadhali wangekata wakaunga, matokeo ni yale yale, mtazamaji wa kawaida hajui tofauti.

fundi_taa

Ndugu yangu bishoo hapo sikubaliani na wewe hata kidogo. Mtazamaji hajui kwa akili lakini mwili wake unajua. Kamera ikikatwa, wewe uliyekaa kwenye kochi unapumzika bila kujua, jicho linapata pa kutulia. Isipokatwa hupumziki, unabanwa pamoja na yeye, ndiyo maana Mtoto wa Kariakoo kauliza hili swali bila hata kuwa mtu wa seti.

Na hili la kusema kubadilishana ni udanganyifu, hapana. Brewster kapigwa kweli, kaanguka kwenye sakafu kweli, wale wafungwa wote na maaskari ni stanti ambao kila mmoja ana sehemu yake na sekunde yake, akichelewa nusu sekunde ngumi inampata mtu usoni. Usipojua nani ni nani, basi kazi yao imefanikiwa. Hawa watu wameumia miaka yote hii bila kutajwa, Oscar yenyewe ndiyo kwanza mwaka 2025 wametangaza watakuwa na tuzo ya stanti, na itaanza kutolewa kwa filamu za 2027. Hebu fikiria, toka enzi za filamu zisizo na sauti mpaka leo! Kwa hiyo mtu akisema Cox hakupigana yote mimi nasema sawa, basi tumtaje na aliyepigana hizo nyingine.

bishoo_mkweli

Hiyo ya jicho kukosa pa kutulia umenielewesha mkuu, nitaiangalia tena usiku na hedifoni.

Mtoto_wa_Kariakoo

Fundi taa na dada Njeri Mungu awabariki, nimewasomea wenzangu kijiweni kwa sauti na yule wa kompyuta kanyamaza. Swali la mwisho, hii mpya ya Disney, Born Again, nimeona epi kadhaa kwa mshikaji na kuna epi unaona kabisa ni Daredevil yetu halafu epi nyingine kama sirizi nyingine. Ni mimi tu au kuna kitu kilitokea kwenye uzalishaji?

Njeri_SouthB

Si wewe tu. Hiyo sisoni ilishutiwa mara mbili kwa njia fulani. Walianza kushuti New York mapema 2023 wakiwa na waandishi wakuu Matt Corman na Chris Ord, na mpango ulikuwa epi 18. Mwezi wa tano waandishi wa Hollywood wakagoma, mwezi wa saba waigizaji nao wakagoma. Kazi ikasimama, na wakati imesimama wakubwa wa Marvel, studio yenye hii sirizi, wakatazama kile kilikuwa kimeshutiwa na hawakuridhika. Mwezi wa kumi ikajulikana wamewaondoa waandishi wakuu na madairekta waliobaki. Wakamleta Dario Scardapane, alikuwa amefanya kazi kwa sirizi ya Punisher ya Netflix, na madairekta Justin Benson na Aaron Moorhead, na Silvera akarudi kusimamia mapigano. Wakaanza tena Januari 2024.

Lakini hawakutupa kila kitu. Epi ya 1, ya 8 na ya 9 ni mpya kabisa, zile za katikati nyingi ni za mwanzo, wakaongeza tu sini hapa na pale kuziunganisha. Ile epi ya 5 ya benki ni ya kile kikosi cha kwanza, na mimi binafsi naipenda, imesimama peke yake vizuri. Mpango wa kwanza hata haukuwa na Foggy na Karen, marafiki wa karibu wa Matt, waliitwa baadaye, mpaka leo sielewi mtu alikaaje chini akaandika Daredevil bila hao wawili. Ilipotoka Machi 2025 zilikuwa epi 9.

shemeji_wa_Tanga

Na ile ya kuanza epi ya 1, kutoka kule baa ya Josie mpaka juu ya paa na adui yake Bullseye, inaonekana teki moja lakini ile imeungwa, kuna vipande na kompyuta imesaidia. Nzuri, ila ukitoka kuangalia ya gerezani utaona tofauti. Mtoto wa Kariakoo kama hujamaliza sisoni ya 3 usiguse Born Again kwanza, epi ya 1 ina jambo litakalokuharibia. Maliza kwanza, bado hujafika epi ya 6, ile ya ofisi za gazeti, Wilson Bethel, anayemuigiza huyo Bullseye, anavyorusha vitu vya mezani pale ndani. Ukifika hapo njoo utuambie.