Uhuru wa raia na haki za kiraia Marekani, tofauti yake iko wapi? Na hii Fed yao pia yanichanganya

mwana_langoni (Lamu)

Asalaam aleikum jamani, na wengine wote hamjambo. Niko na kozi ya onlaini ya serikali ya Marekani nafanyia hapa hapa nyumbani, stima ikipotea ndo basi tena, na Jumatatu kuna mtihani. Nimefika ile mada ya uhuru wa raia na haki za kiraia nikakwama kabisa manake kila nikisoma naona ni kitu kimoja, sasa wao mbona wamezigawa mafungu mawili? Kuna swali la mazoezi lasema hivi, polisi wameingia nyumba ya mtu bila waranti, na duka la nguo limekataa kumuajiri msichana kwa sababu avaa hijabu, sema kila moja iko fungu gani. Mi kwa akili yangu wote wawili wameonewa, basi. Alafu mada ya mwisho ni uchumi, sera ya bajeti na sera ya fedha, huko ndo usiseme, kwani Rais wao hawezi tu kuiambia benki kuu, hiyo Fed, ishushe riba ikashuka? Mwenye kujua anifahamishe kwa lugha ya kueleweka, sitaki linki, bando yenyewe ya kuhesabu.

shela_kwa_upepo

Si umalize kwanza katiba ya kwako dada 😂

maalim_wa_maweni (Malindi)

Waaleikum salaam mwanangu. Huyo wa Shela muache na upepo wake.

Hii historia na serikali ndo kazi yangu, na hapo ulipokwama hukwama wengi. Jiulize tu, huyu mtu ataka serikali imfanyie nini? Kama ataka serikali imuache, isimwingilie mambo yake, huo ni uhuru wa raia. Kama ataka serikali ije imsimamie ili asibaguliwe, hiyo ni haki ya kiraia. Polisi kuingia bila waranti ni fungu la kwanza, Marekebisho ya Nne ya katiba yao yakataza kupekuliwa ovyo. Msichana wa hijabu ni fungu la pili.

Fungu la kwanza karibu lote limo kwenye yale marekebisho kumi ya mwanzo yaliyopitishwa 1791. La kwanza lataja mambo matano, dini, kusema, magazeti, kukusanyika na kupeleka malalamiko serikalini, na lianza kwa kuiambia Kongresi, yaani bunge lao la kitaifa, isitunge sheria ya kuyazuia. Shika hapo kwenye Kongresi manake ndo penye kasheshe. Kulikuwa na bwana mmoja aitwa Barron alikuwa na gati bandari ya Baltimore, mji ukawa wajenga barabara na kugeuza vijito, mchanga ukashuka ukajaa gatini kwake mpaka meli hazifiki tena. Akaenda kotini kudai fidia, manake Marekebisho ya Tano yasema mali ya mtu haichukuliwi kwa matumizi ya umma bila kulipwa. Mwaka 1833 Mahakama ya Juu ikamjibu kwamba marekebisho hayo yafunga serikali ya kitaifa peke yake, mji na majimbo hayawahusu. Akarudi mikono mitupu. Yaani miaka yote hiyo jimbo lilikuwa laweza kukufanyia mambo ambayo Washington haiwezi, na wengi wetu hatufundishwi hivyo.

Kilichobadilisha ni vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe. Baada ya vita yakaja Marekebisho ya 13 mwaka 1865 kufuta utumwa, ya 14 mwaka 1868, na ya 15 mwaka 1870 kwamba mtu asinyimwe kura kwa sababu ya rangi. La 14 ndo la kulala nalo usiku wa mtihani, lasema jimbo lisimnyang'anye mtu uhai, uhuru wala mali bila sheria kufuatwa, na lisimnyime mtu ulinzi sawa wa sheria. Kile kipande cha kwanza mahakama ikakitumia kuyavuta yale marekebisho kumi pole pole yawashike na majimbo, kusema ikaanza kuguswa 1925, upekuzi 1961, na 1963 ikafika zamu ya wakili. Hiyo ya wakili ni kesi ya Gideon, mfungwa wa Florida alieshtakiwa kuvunja ukumbi wa kuchezea pool, akanyimwa wakili, akaandika rufaa mwenyewe gerezani kwa penseli na ikasikizwa. Kesi iliporudiwa akiwa na wakili akaachiliwa. Kile kipande cha pili, ulinzi sawa, ndo mlango wa haki za kiraia.

mkomani_loya

Maalim kashiba lakini kuna kitu kaacha, na hapo ndo mtihani huwanasa watu. Hilo la 14 lasema JIMBO lisifanye. Mwenye hoteli si jimbo, mwenye duka si jimbo. Kongresi ilipitisha sheria 1875 kukataza ubaguzi kwenye hoteli, treni na kumbi za maonyesho, mwaka 1883 Mahakama ya Juu ikaitupa kwa sababu hiyo hiyo, kwamba marekebisho hayamgusi mtu binafsi. Alafu 1896 kwenye kesi ya Plessy ikaruhusu hata majimbo yatenganishe watu kwa rangi bora wasema huduma ni sawa, na zilikuwa si sawa, kila mtu ajua. Kesi ya Brown 1954 ikaondoa hiyo kwa shule za serikali. Lakini mkahawa na hoteli za watu binafsi bado mtu mweusi alikuwa afukuzwa hadharani na katiba haina la kusema!

Ndo mana ikabidi ije Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 alosaini Rais Johnson. Na tazama ujanja wao, walijua la 14 lina kikwazo cha 1883 kwa hivyo wakaegemea nguvu ya Kongresi ya kusimamia biashara baina ya majimbo. Moteli moja ya Atlanta ikashtaki mwaka huo huo ikisema hii ni mali yangu nachagua mgeni nimtakae, ikashindwa, wageni wake wengi walitoka majimbo mengine kwa hivyo ni biashara ya Kongresi. Watu waliokuwa wagombania utu wao wakaokolewa na kifungu cha biashara, mi hiyo hunichekesha na kunikasirisha pamoja.

Swali lako la hijabu mwanangu wala halijatungwa. Ni Samantha Elauf, aliomba kazi duka la Abercrombie kule Tulsa, Oklahoma, akakataliwa sababu ya kilemba kichwani, ikafika mpaka Mahakama ya Juu 2015 na majaji wanane kwa mmoja wakaamua upande wake. Sheria ilotumika ni hiyo hiyo ya 1964, sehemu ya ajira.

Sasa huyo wa Shela ijapokuwa alikuja kwa mzaha, ukifungua katiba yetu ya Kenya ya 2010 utaona sisi hatukuhitaji kuzunguka hivyo. Ibara ya 20 yasema Sura ya Nne, ile ya haki, yafunga vyombo vya serikali NA watu wote. Ibara ya 27 yakataza mtu kumbagua mwenziwe, na kwenye orodha yake kuna dini na mavazi yametajwa waziwazi. Na hiyo ya gati la Barron, kumbukeni wavuvi wa Lamu walivyoenda kotini juu ya bandari ya LAPSSET, Mahakama Kuu hapa Malindi 2018 iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Kulipwa kwenyewe ni hadithi nyingine, lakini Barron hata kwenye karatasi hakupata.

mwana_langoni

Wallahi sasa nimeanza kuona mwangaza, shukran maalim, shukran loya. Kwa hivyo Facebook ikinifutia posti si kuvunja Marekebisho ya Kwanza? Na ile ya vyuo kuwapa nafasi watu weusi iko wapi?

mkomani_loya

Facebook ni kampuni, Marekebisho ya Kwanza hayaigusi. Serikali ikikufungia wewe kwa posti yako hapo ndo una kesi. Mfano mwengine wa serikali, mfungwa mmoja mwislamu wa Arkansas alikatazwa kufuga ndevu za nusu inchi, 2015 majaji wote tisa wakasema aachwe na ndevu zake, kwa kutumia sheria ya mwaka 2000 ya dini magerezani. Ya vyuo ni fungu la pili. 1978 kesi ya Bakke ilisema kutenga viti kwa rangi hapana, ila rangi yaweza kuangaliwa pamoja na mambo mengine, 2023 kesi za Harvard na North Carolina zikaufunga huo mlango pia. Wenye kuunga mkono na wenye kupinga wote washika kipande kile kile cha ulinzi sawa, kwa hivyo ukiandika insha usikimbilie upande mmoja.

spea_za_boti_mld

haya uchumi niachieni mimi, mi si msomi ila nauza spea za mashini za boti hapa Malindi na hiyo Fed imenitoa jasho kuliko KRA wa kodi

sera ya bajeti ni kodi na matumizi, inapangwa na Kongresi na Rais. wakitumia kuliko walivyokusanya hiyo ni nakisi ya mwaka, nakisi zikirundikana miaka yote ndo deni la taifa, usichanganye hizo mbili. sera ya fedha ni riba na wingi wa pesa, hiyo ni ya Fed, ilianzishwa 1913. magavana saba wa miaka 14 kila mmoja, Rais anateua na Seneti inaidhinisha, na kamati ya riba ina kura 12 inakaa mara nane kwa mwaka. sheria imewapa kazi mbili, watu wawe na ajira na bei zitulie. sasa swali lako, Rais hana kura mle ndani, anaweza kupiga kelele tu. Nixon alimbana mwenyekiti Arthur Burns kabla ya uchaguzi wa 1972, na miaka ile bei zikaja kuwashinda mpaka akaletwa mwenyekiti mwengine, Volcker, 1979, akapandisha riba ikafika kama asilimia 20, watu wakakosa kazi zaidi ya asilimia 10 mwaka 1982 lakini mfumuko wa bei ukashuka. hapo ndo unaona zile kazi mbili zinagombana

juzi juzi tena, Juni 2022 mfumuko wao ulifika 9.1 wakapandisha riba kutoka karibu sufuri mpaka juu ya asilimia 5 mwaka 2023. pesa hufuata riba kama jahazi na kaskazi, dola zote zikarudi kwao, na sisi mwanzo wa 2024 dola moja ikapita shilingi 160. mteja anakuja kwa propela ile ile ya mwaka jana nikimtajia bei anadhani namuibia. serikali yetu nayo Februari hiyo ikakopa dola bilioni 1.5 nje kwa riba ya karibu asilimia 10

ukitaka kukumbuka kwa mtihani tumia ya hapa nyumbani. Finance Bill ya 2024, ule mswada wa kodi, iliyoondolewa baada ya maandamano ya Juni ni bajeti, Benki Kuu kupandisha riba kufika 13 ni fedha

mwana_langoni

Na zile dola 1,200 waMarekani walitumiwa wakati wa korona?

spea_za_boti_mld

bajeti, Kongresi ilipitisha. Fed kushusha riba karibu na sufuri Machi 2020 ndo fedha. zote zilifanyika pamoja ndo mana watu huchanganya

maalim_wa_maweni

Haya mwanangu nikupime. Gavana wa jimbo akataza mkutano wa wapinzani wake. Na mwenye nyumba akataa kumpangisha mtu mweusi. Fungu gani na gani, na ya pili ni sheria ipi?

mwana_langoni

Gavana ni uhuru wa raia, Marekebisho ya Kwanza kupitia la 14. Mwenye nyumba ni haki za kiraia, sheria ya... 1964?

shela_kwa_upepo

Ya 1964 ni ajira na hoteli na vitu kama hivyo. Nyumba ni sheria ya 1968, ilisainiwa wiki moja baada ya Martin Luther King kuuawa. Nilikwambia usome ya kwako kwanza dada, sikusema mimi sijasoma ya kwao 😂